Makochi ya Mama Brenda na Ujumbe Uliofutwa Mara Tisa

Rehema, jana saa kumi jioni nilikukabidhi simu ya grupu, chaja yake na daftari la jalada jekundu, nikasema "haya," nikaondoka. Najua ulibaki mlangoni unasubiri maelezo. Nilikuwa nimeyaandaa kabisa, hata mbele ya kioo nilifanya mazoezi, lakini wewe unanijua, maneno yangu yakifika kwenye meno yanageuka yanarudi. Kwa hiyo nakuandikia.

Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Tangu jana siwezi kukaa sehemu moja kwa furaha. Nimeosha vyombo huku naimba, mimi ambaye hata kanisani nafungua mdomo tu bila sauti, na Mama ameniuliza kama nina homa.

Kuhusu vyeo sitasema kitu, maana kilikuwa kimoja. Kuhusu mshahara pia sitasema, maana hata huo mmoja haukuwepo. Nataka kukuambia kazi yenyewe ilivyo, na ule ugonjwa niliofanya nao kazi, kwa sababu kama unao hata kidogo, hiyo simu itaulisha mpaka unenepe. Na kama huna, mwezi ujao kikosi kingine kinaondoka na safari hii baba yako yumo. Utakuwa unaandikia wanawake zaidi ya sitini, na mmoja wao ni mama yako.

Nianze na siku ya kwanza. Baba alipoondoka na kikosi cha kulinda amani nilikuwa ndio nimeingia kidato cha tatu. Hapa Naguru walibaki wake sitini na wanne wa askari wa kikosi hicho, na unajua tulivyo humu kwenye nyumba za polisi: Waacholi, Walugbara, Waiteso, wa msikitini na wa kanisani, ngazi moja lugha tano. Kinachotuunganisha ni Kiswahili. Mama yako, kwa kuwa ni mwenyekiti wa wake wote, alitaka kuwe na simu moja ya kutangazia mambo madogo madogo: siku ya kupeleka vifurushi vya waume, zamu za kuongea nao kwa video kule ukumbini, maji, gari la takataka. Alihitaji mtu wa kuandika. Wakina mama wakataja mabinti zao, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa kulikuwa na mtu wa kukohoa. Mwisho mama yako akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa Mama.

"Huyu hapa. Huyu hasemi. Maneno ya watu yakiingia kwake yanakufa."

Ndivyo nilivyoajiriwa kwa kunyamaza.

Mama yako alinipa sheria moja, nami nakupa hiyohiyo. Habari mbaya haziji kwa simu. Mume akipatwa na jambo kule, wakubwa wawili wanakuja kwa miguu mpaka mlangoni, pamoja na padri au shehe. Kila mwanamke humu ndani anaijua. Ishike kichwani, maana nitakuonyesha siku ambayo kuijua hakukusaidia hata mmoja.

Vyombo vya kazi umeviona. Simu ina ufa kwenye kona, na kitufe cha kuwashia kimezama, tumia kifuniko cha kalamu. Daftari jekundu lilikuja baadaye, nitafika hapo.

Ujumbe wangu wa kwanza ulihusu kusafishwa kwa tangi la maji. Maneno kumi na moja. Yalinichukua dakika arobaini. Niliyasoma, nikayatuma, nikayasoma tena, nikawa kama nimevaa kiatu chenye mchanga. Ujumbe ulikuwa sawa. Lakini ndani yangu kuna kitu kilikuwa kinasema haujakaa.

Hicho kitu hakikuanza na simu, niseme ukweli. Nilikuwa nacho tangu darasa la sita. Nilikuwa nikifunga kufuli la mlango narudi kulivuta, nafika chini ya ngazi narudi, siku nyingine mara nane. Viatu vyetu vyote lazima visimame vidole vikiangalia ukutani, la sivyo moyo unaniambia kuna mtu wa nyumba hii ataumia. Mama hakujua habari za moyo. Aliona viatu tu, akawa anawaonyesha wageni: "Binti yangu ana utaratibu." Nilikuwa nasifiwa kwa ugonjwa, na mimi sifa nilizipenda.

Ila kufuli liko moja, Rehema. Ukishalivuta mara nane, mara tisa, mwishowe unachelewa shule unaliacha. Simu haina mara ya mwisho. Ukituma ujumbe kuna tiki moja, halafu mbili, halafu zinageuka bluu, halafu kuna orodha ya waliosoma, na ile orodha inaongezeka mmoja mmoja. Nilijiwekea kwamba lazima nione wote sitini na wanne. Wakifika sitini na wawili nilikuwa siwezi kumeza chakula.

Simu shuleni hairuhusiwi, kwa hiyo nilikuwa naiacha kwa mama anayeuza rolex nje ya geti, zile chapati za kukunjia mayai. Mapumziko wenzangu wakienda kucheza mimi nakimbia getini, naomba simu, naangalia orodha, naangalia ujumbe, narudi. Baada ya dakika tano natoka tena, nasema nimesahau leso.

"Wewe mtoto," yule mama akaniuliza siku moja, mikono iko kwenye unga, "hii simu iko na bwana ndani?"

"Hapana, Mama."

"Basi iko na mtoto mchanga. Kila saa unakuja kunyonyesha."

Wateja wake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi niliona aibu, nikaangalia orodha, nikaondoka. Aibu haikunizuia, na hilo ndilo lililonitisha.

Kisha nikaanza kwenda kwenye milango. Mimi, ambaye nikitumwa chumvi kwa jirani nasimama nje nikiomba Mungu afungue mwenyewe. Nilikuwa nagonga kwa wale ambao hawajasoma.

"Hodi."

"Nani?"

"Akello. Mama, umesoma ujumbe?"

"Ujumbe gani? Kuna nini?"

"Wa takataka."

"Takataka imefanya nini?"

"Gari lake linakuja Alhamisi."

"Leo si Jumatatu?"

"Ndiyo."

Yule mama, wa ghorofa ya chini, aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. "Ingia unywe uji kwanza, mwanangu. Rangi yako siyo nzuri."

Ningekunywa uji ule na kumwambia kila kitu, nadhani ningejiokoa miezi mitano. Nilisubiri asome, tiki zikawa bluu, nikaaga.

Nilipoanza kujiogopa nilifanya kosa ambalo wengi wa umri wetu tunalifanya: niliiuliza simu kuhusu simu. Nikatafuta video fupi za watu wanaorudiarudia mambo. Ya kwanza ilinifariji, nikalia kabisa kwa kujua siko peke yangu. Ya pili ikasema dalili nyingine ambayo sikuwa nayo, na kufika jioni nikawa nayo. Ile simu ikaona nimependa, ikaniletea nyingine, na nyingine, kila moja na woga mpya na dawa mpya ya woga. Nilikuwa naangalia video ili nitulie, halafu naangalia nyingine kuhakikisha nimetulia. Ikabidi nianze kuangalia pia ni wangapi wameona stetasi ya grupu, na kama namba imeishia kwenye tatu nawasha simu ya Mama nijiongezee mmoja. Nakuambia hili ili siku ukijikuta unatafuta simu ya mama yako, ujue mwenzio alipita hapo.

Sasa kesi ngumu.

Ilikuwa likizo, siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi. Karatasi za matangazo alikuwa analeta Koplo Asumpta, yule wa chumba cha redio anayekaa jengo la jirani, mwenye kofia iliyonyooka hata akiwa anakwenda sokoni. Aliniachia karatasi, akaenda zake. Nikaandika: vifurushi vitapokelewa ukumbini kesho saa nne, kila kifurushi kiwe na jina na namba ya askari. Nikatuma.

Kwenye kioo cha simu mstari ulikatika vibaya. "Saa" ikabaki juu, "nne" ikashuka chini peke yake. Mtu mwingine asingeona. Mimi kichwa kikaniambia: ukiiacha hiyo nne peke yake, Baba naye atabaki peke yake kule. Najua ni upuuzi. Hata wakati ule nilijua ni upuuzi, na vidole vilikuwa vimeshafuta. Nikaongeza neno, nikatuma. Ikashuka "kesho". Nikafuta. Nikapunguza neno. Nikafuta. Niliketi sakafuni kati ya kitanda na ukuta, jasho linanitoka, nikafanya hivyo mara tisa.

Mimi nilikuwa naona mstari wangu. Wao kwenye simu zao walikuwa wanaona hivi: Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Mara tisa, kutoka simu ya grupu la wake wa askari walioko misheni.

Mama Brenda alikuwa bombani anachota maji, simu kifuani. Mume wake alikuwa na siku tano hajapiga. Alitoa simu, akaangalia, akainua kichwa akaangalia njia ya kutoka ofisini, kama kuna watu wawili wanakuja kwa miguu. Kwa bahati mbaya watu wawili walikuwa wanakuja kwa miguu. Walikuwa mafundi umeme.

Sikusikia alivyoanguka. Nilisikia yowe la kwanza, halafu jingine, halafu jengo zima, nikadhani ni nyoka. Nilipotoka na simu mkononi nikaona makochi kwenye nyasi. Unajua desturi: nyumba ikifiwa, sebule inatolewa vitu vyote ili waombolezaji wakae chini. Wakina mama walikuwa wameshatoa kochi kubwa na madogo mawili ya Mama Brenda, na meza, na wengine wawili wanahangaika na kabati la televisheni mlangoni. Mtu ameshawasha moto wa chai. Mama Brenda amelala kwenye mkeka, wanampepea kwa mfuniko wa sufuria.

Koplo Asumpta alikuja mbio kutoka chumba cha redio, mara ya kwanza kumwona bila kofia.

"Nani amekufa?"

Waliokuwa wanapepea wakaendelea kupepea.

"Nauliza, nani amekufa?"

"Bado hawajasema, Afande," alisema mama mmoja aliyeshika pembe ya kabati. "Wamefuta."

"Nani kafuta?"

"Simu ya grupu. Mara tisa."

Wote wakageuka kuniangalia. Rehema, kama unataka kujua watu sitini wakinyamaza kwa pamoja wana sauti gani, sikuombei uijue.

"Ni vifurushi," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Ni vifurushi. Kesho saa nne. Nilikuwa napanga mstari."

"Ulikuwa unapanga nini?"

"Mstari, Afande. Nne ilikuwa imebaki peke yake."

Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenitukana, na ningeona nafuu kama wangefanya. Mama mmoja akasema kwa upole, "Haya, tushike makochi turudishe," wakayarudisha. Mume wa Mama Brenda alipiga alasiri ile ile, mzima, mtandao wao ulikuwa umekatika. Mke wake hakuweza kumpokea. Presha ilikuwa imempanda, akalazwa zahanati siku mbili.

Wiki hiyo wanawake kumi na mmoja walitoka kwenye grupu. Wengine walizima sauti yake wasione kitu tena. Siwalaumu. Lakini mwezi uliofuata nilitangaza zamu za video, na mama mmoja aliyekuwa amejifungua hakuona. Mume wake alikaa upande wa pili wa kioo dakika zake zote kumi akisubiri kumwona mtoto, akaambiwa muda umeisha, akampisha mwingine. Hapo nikaelewa nimevunja nini. Wasiponiamini hawasomi, na wasiposoma wanawakosa waume zao.

Nilimpelekea mama yako simu. Nikasema naacha kazi. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata macho.

"Hapana. Utastaafu, lakini utastaafu umepona. Ukiondoka leo utakuwa umekimbia, na ugonjwa utakwenda na wewe shule." Kisha akasema kwao msikitini kitu hiki wanakiita wasiwasi, kwamba shangazi yake alikuwa akitawadha anaanza upya, anaanza upya, pipa linakwisha na swala inampita. "Na yeye hakuwa na simu. Angekuwa nayo tungemzika nayo."

Akanipeleka kwa Koplo Asumpta.

Nilidhani nakwenda kugombezwa. Asumpta alinikalisha kwenye benchi lake la nje, akaniwekea ungo wa ufuta nichambue mawe, akaniambia jambo ambalo nina ruhusa yake kukuandikia. Zamani alikuwa analinda ghala la silaha. Alikuwa akifunga kufuli anarudi kulitikisa, anarudi, mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Mkubwa wake akampa mwenzake wa kufunga naye, ili atulie. Akawa anamuuliza mwenzake: tumefunga? Tumefunga kweli? Mpaka yule akaomba uhamisho.

"Ulifanyaje, Afande?"

"Nilikwenda kwa mshauri wa zahanati. Na wewe utakwenda. Halafu nilihamishiwa redio, na redio haina kufuta."

Mshauri alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya taratibu na ndala. Aliuita ugonjwa kwa herufi tatu, OCD, nikafurahi kwamba una jina fupi. Alinieleza hivi: woga unakuja, unafanya kile kitendo, woga unashuka, na ubongo unajifunza kwamba ni kitendo kilichokuokoa. Kesho unadai mara mbili. Simu inafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu kitendo ni kidole gumba tu, na kila wakati kuna kitu kipya cha kuangalia. Alisema siyo kila anayependa simu ana ugonjwa huu, na mwenye ugonjwa huu hakupewa na simu. "Lakini vikikutana vinapendana." Nilicheka, yeye hakucheka, akaniambia nirudi Jumatano. Nilikwenda Jumatano nyingi.

Kati ya Jumatano na Jumatano nilikuwa na Asumpta. Ndiye aliyeleta daftari jekundu. Kazi ya redio, alisema, inafanywa hivi: ujumbe unaandikwa kwanza kwenye karatasi, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, saa ngapi. Unausoma kwa sauti mara moja. Unautuma. Unaandika saa uliyotuma. Basi. Ukiwa na kosa, unatuma ujumbe wa pili wa kusahihisha, na wa kwanza unabaki ulivyo watu wote wauone. Ndiyo maana kurasa za mwanzo za daftari zina mashimo. Nilikuwa nakandamiza kalamu.

Mara ya kwanza nilituma tangazo la maji, akachukua simu akaifunika kwa sufuria kwenye benchi kati yetu. Dakika tano. Rehema, sijawahi kukaa karibu na sufuria yenye nguvu vile. Mikono ilikuwa inawasha, masikio yanawasha. Nikamwambia, "Afande, nahisi nimeandika tusi."

"Inawezekana," akasema, anachambua ufuta.

"Kweli?"

"Mimi sijui. Sikuangalia."

Nilitaka kulia. Dakika ya nne hivi nikashtuka ule moto umepungua wenyewe, bila mimi kufanya lolote. Wenyewe kabisa. Nilimwangalia Asumpta kama mtu aliyeona mwezi mchana. Nikaomba dakika kumi.

Usidhani nilinyooka. Nilijifunza kudanganya haraka. Nilikuwa naacha simu chini ya sufuria nakwenda kwa Mama: "Mama, umeona ujumbe? Uko sawa?" Mama ananiambia uko sawa, natulia. Wiki mbili Asumpta hakujua. Alipojua alimwita Mama pia, akatukalisha wote wawili.

"Mama Akello, huyu akikuuliza, anaangalia simu kwa macho yako. Usimjibu."

"Mtoto wangu akiniuliza nisimjibu?"

"Hilo moja tu."

Mama alinung'unika njia nzima. Alishindwa mara nyingi, kumnyima mtu neno la kumtuliza ni kazi ngumu kwake kuliko kwangu. Na mimi nilivumbua njia nyingine za kuuliza bila kuuliza, nazo zikagundulika. Video nilizifuta kwenye simu siku moja, nikazirudisha kesho yake, nikazifuta. Kulikuwa na wiki nilirudi kwenye milango. Mshauri alisema tuhesabu mwendo, tusihesabu kuanguka.

Halafu ikaja siku ya picha. Zoezi lilikuwa nitume kitu chenye kasoro makusudi nikiache. Nilipiga picha ya tangazo la chanjo, limekaa upande, na kwenye kona kidole changu gumba kinaonekana kikubwa kama kiazi. Nikatuma. Sufuria. Nusu saa nzima. Nilipofunua, nilikuta wanawake wameandika.

"Hiki kidole cha nani kinaomba mafuta?"

"Ni cha mwandishi wetu."

"Kumbe ana vidole. Mimi nilidhani ni mashine."

"Mashine ingetuua na presha vile?"

Hilo la mwisho lilitoka kwa Mama Brenda. Alikuwa amerudi kwenye grupu, na mimi sikujua kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuhesabu. Nilipiga kelele nikiwa peke yangu chumbani, Mama akaja na fimbo akidhani ni panya.

Kutoka hapo walirudi wengine. Sikujua idadi, sijui mpaka leo. Nilichojua ni kwamba zamu ya video haikukosa mtu tena.

Na sasa wiki iliyopita, Jumatano, shule zimefungwa. Nilikuwa ndani napiga mswaki baada ya chakula cha mchana nikamwona Koplo Asumpta kupitia dirishani anakuja na karatasi. Anatembea kawaida, kofia imenyooka, lakini midomo ameibana kama mtoto aliyeficha peremende. Aliniwekea karatasi mkononi. Kikosi kinatua uwanja wa ndege Jumamosi saa nane mchana. Familia zisubiri ukumbini kuanzia saa kumi jioni.

Nilisoma mpaka mwisho. Baba. Miezi kumi na sita.

"Andika," akasema, "halafu mimi nakwenda kabla hawajaniangusha."

Nikaandika kwenye daftari, kutoka, kwenda, saa. Nikasoma kwa sauti mara moja. Nikaandika kwenye simu. Nikatuma. Nikaandika: saa saba na dakika ishirini na mbili. Nikaifunika simu kwa sufuria, nikakaa juu ya mikono yangu.

Kichwa kikaja mbio. Umeandika Jumapili. Watakosa wote. Watoto wataletwa ukumbini siku ambayo hakuna mtu, na Mama Brenda atasimama pale na gauni lake, na safari hii ataanguka asiamke. Kilikuja chote, na sauti ile ile ya zamani, na nilikijua kila neno kama jirani anayekuja kukopa sukari. Nikakiacha kiseme.

Ghorofa ya juu kigelegele cha kwanza kikapasuka. Kisha chini. Kisha majengo yote mawili, milango inagonga, mtu anapiga sinia. Mama akatoka bafuni na sabuni masikioni, kanga ameishika kwa mkono mmoja.

"Wanakuja? Akello, wanakuja? Simu yangu haina chaji. Umeandika siku gani?"

"Karatasi ilisema Jumamosi, Mama."

"Na wewe umeandika Jumamosi?"

Sufuria ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. "Hilo siwezi kukuambia. Nikijaribu nitakwenda kuangalia."

Aliniangalia. Akaangalia sufuria. Akatoka vile vile na sabuni yake, nikamsikia ngazini anaomba simu ya Mama Brenda, nikawasikia wanasoma kwa pamoja lakini vigelegele vilifunika maneno. Alirudi anatweta. Akasimama mbele yangu na uso wote unang'aa, akafungua mdomo kuniambia, akaniona nilivyokalia mikono, akaufunga. Kisha akatoa shati jeupe la Baba kabatini, akatandika blanketi mezani, akaanza kulipiga pasi, na mimi nilibaki pale pale natetemeka kwa furaha, bila kujua nimeandika siku gani.